Likizo Imekwisha, Moyo Bado Haujarudi: Jinsi ya Kuingia Tena Kwenye Ratiba

Kengele ya simu inalia, unaizima, inalia tena. Juzi tu ulikuwa unaamka jua likiwa limeshapanda, unakula ukijisikia, unalala ukichoka. Leo kuna saa ya kuripoti, kuna ujumbe tele ambao haujajibiwa, na moyo ni mzito bila sababu unayoweza kumweleza mtu akakuelewa. Huumwi, lakini huna raha. Wengi wanaopita hapa hukaa wakisubiri ari irudi kwanza ndipo waanze kuishi kawaida, na siku zinakatika. Mimi nashauri uanze na mwili, ufuatishe kazi ndogondogo, na moyo uuache uje nyuma kwa muda wake.

Kwanza ujue kinachokusumbua

Unyong'onyevu wa baada ya likizo si uvivu, wala si dalili kwamba hushukuru ulichonacho. Mara nyingi ni mambo matatu yaliyokutana siku moja.

La kwanza ni usingizi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kundi dogo la seli zinazofanya kazi ya saa: ndizo zinazopanga usingizi uje lini, joto la mwili lishuke lini, homoni za kukuamsha zipande lini. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli. Ukichelewa kulala na kuamka kwa saa tatu kila siku ya likizo, mwili unaona umevuka kanda tatu za saa kwa ndege, hata kama hukutoka nje ya mtaa. Sasa unautaka urudi kwa usiku mmoja, Jumapili kuamkia Jumatatu. Hauwezi.

La pili ni kwamba hakuna tena cha kungojea. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watu wazima 1,530 nchini Uholanzi. Waliokuwa wanajiandaa kwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wasiokwenda, lakini waliporudi, kwa jumla hawakuwazidi tena wale waliobaki nyumbani. Waliobaki na ziada kidogo ni wale tu walioieleza likizo yao kuwa ya utulivu mkubwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile raha ilikuwa katika kuhesabu siku, na sasa hakuna siku za kuhesabu. Hili nitalirudia, kwa sababu lina dawa.

La tatu ni yale uliyoyaweka kiporo: deni, ugomvi wa ndugu uliofufuka mlipokutana, kiti cha mtu aliyefariki kilichobaki wazi wakati wengine wanacheka, au upweke wa kuwa peke yako siku ambazo kila mtu anaonekana ana kwao. Likizo huyaficha mambo haya kwa muda au, kwa wengine, huyachokonoa. Kabla ya kuendelea chukua karatasi, uandike sentensi moja kwa kila jambo linalokukaa kooni. Ukiona karatasi imejaa pesa, anza na pesa. Ukiona umeandika usingizi tu, hatua inayofuata inaweza kukutosha.

Kuna watakaokuambia pia kwamba Jumatatu ya tatu ya Januari ndiyo siku ya huzuni kuliko zote, na kwamba imepigiwa hesabu. Hesabu hiyo ilizaliwa mwaka 2005 kwenye tangazo la wafanyabiashara wa safari nchini Uingereza waliotaka watu wakate tiketi. Ipuuze.

Hatua ya kwanza: shika saa ya kuamka

Watu wakitaka kunyoosha usingizi huanza na saa ya kulala. Wanapanda kitandani saa 3 usiku, wanakodolea dari hadi saa 6, wanakasirika, na hasira hiyo inaufukuza hata usingizi uliokuwa unakuja. Usingizi hauitiki amri. Kuamka kunaitika. Chagua saa moja ya kuamka, uishike kila siku kwa wiki mbili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na saa ya kulala itajivuta yenyewe kuifuata, kwa sababu aliyeamka mapema siku kadhaa mfululizo atasinzia mapema apende asipende.

Kama bado una siku kabla ya kurudi kazini au shuleni, sogeza taratibu. Tuseme umezoea kuamka saa 4 asubuhi na kazi inakutaka uwe macho saa 12. Tofauti ni saa nne. Ukipunguza nusu saa kila siku utafika baada ya siku nane. Kama siku hizo huna, ruka moja kwa moja, ukijua kwamba siku mbili tatu za mwanzo zitakuwa ngumu, na usizitumie kupima maisha yako. Na usishangae kwamba kuingia kwenye usiku mrefu wa likizo kulikuwa rahisi na kutoka ni shida. Kwa watu wengi mzunguko wa saa ya mwili ni mrefu kidogo kuliko saa 24. Ukiiachia, huelekea kuchelewa. Kuiwahisha ndiko kunakohitaji nguvu.

Nguvu hiyo ni mwanga. Macho yetu hutudanganya hapa, maana taa ya sebuleni inaonekana inaangaza vya kutosha. Ukipima kwa luksi, yaani kipimo cha mwanga, chumba cha kawaida huwa na luksi 100 hadi 500 hivi. Nje, hata siku ya mawingu, hupita 1,000 na mara nyingi hufika maelfu kadhaa. Jua likiwaka wazi ni luksi 100,000 au karibu na hapo. Ubongo unasubiri kiwango cha nje ili ujue kumekucha. Kwa hiyo ndani ya saa moja baada ya kuamka toka nje dakika 20 hadi 30, bila miwani ya jua, bila kulitazama jua lenyewe. Tembea, fagia, subiri usafiri ukiwa umesimama nje badala ya kujikunyata ndani. Wanaoishi mbali na ikweta, ambako majira ya baridi asubuhi ni giza, hutumia taa maalumu za luksi 10,000 kwa nusu saa asubuhi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupata vipindi vya msisimko uliopita kiasi, amuulize daktari kabla ya kuziwasha.

Asubuhi ya kwanza yenyewe uipange usiku uliotangulia. Nguo zitoke kabatini. Simu iwekwe mbali na kitanda, kiasi kwamba kuizima lazima usimame. Ukishasimama, usirudi kukaa kwenye godoro hata kwa sekunde: vuta pazia, nawa uso, kunywa maji, vaa, toka. Dakika 15 hadi 30 za mwanzo utajisikia kama mtu aliyepigwa. Hayo ni mabaki ya usingizi na huisha yenyewe. Usifanye uamuzi wowote ndani ya dakika hizo. Wengi wanaojiambia "leo siendi" au "hii kazi naiacha" wamejiambia wakiwa na mguu mmoja kitandani.

Vitu vitatu vidogo vinavyoharibu kazi hii. Kahawa na chai nzito: kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 10 jioni bado kina nusu ya nguvu yake mwilini saa 3 usiku. Pombe, ambayo humlaza mtu haraka kisha humwamsha usiku wa manane na kumwachia moyo uliosinyaa kesho yake. Na usingizi wa mchana: ukizidiwa lala, ila usizidi dakika 20 na usivuke saa 9 alasiri.

Hatua ya pili: fungua begi

Begi lililoachwa pembeni ya kitanda, zipu wazi, nguo zimefumuliwa nusu, huwa linakaa hapo siku nne, tano, na kila ukipita linakukumbusha kwamba hujafika nyumbani. Lifungue siku uliyorudi, kabla hujakaa. Nguo chafu zikafuliwe, begi lirudi juu ya kabati. Kisha safisha eneo moja tu, la kulala au la kupikia, usiingie kwenye usafi wa nyumba nzima. Ambaye hakusafiri naye ana begi lake: vyombo vya wageni, mashuka ya ziada, mapambo. Dakika 40 na mambo yamekwisha.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza kazini

Kama una hiari, rudi kazini Jumatano au Alhamisi. Wiki ya siku mbili au tatu inapitika. Wiki nzima ikikukabili Jumatatu asubuhi inatisha. Na kama una hiari zaidi, usikubali kikao chochote kabla ya mchana wa siku hiyo.

Tatizo kubwa la siku ya kwanza ni kisanduku cha barua pepe. Chukulia mhasibu anayefungua kompyuta na kukuta ujumbe 340. Akianza na wa zamani zaidi, akausoma, akaujibu, akaenda wa pili, atafika saa 6 mchana amejibu maswali ambayo wenzake walishayamaliza wiki iliyopita. Afanye hivi. Aanze na wa karibuni, maana mambo mengi ya zamani yamekwishajimaliza yenyewe na jibu liko kwenye ujumbe wa mwisho. Asijibu chochote kwa nusu saa ya kwanza. Kazi yake ni kupitisha macho na kutenga. Yale matangazo na nakala za kumjulisha tu ayaondoe mbele yake kwa mkupuo. Yanayotaka neno moja ayawekee alama. Yanayotaka kazi, ayaandike kwenye karatasi pamoja na siku atakayoyafanya. Mwisho wa zoezi hilo karatasi yake itasomeka hivi:

Leo: kumjibu mkuu wa idara, "Nimeiona, utaipata Alhamisi mchana." Kupitisha malipo mawili yaliyokwama.
Jumatano saa 3 hadi 5: ripoti ya mwezi, nianze na jedwali la matumizi.
Ijumaa: kuonana na wakaguzi, niwapigie leo kuthibitisha.
Iliyobaki: wiki ijayo.

Mistari minne tu, na kifua kitalegea kidogo. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo ambalo halijamalizwa huacha kuvamia mawazo mtu akishapanga atalifanya lini na vipi, hata kama bado hajaligusa. Kwa hiyo kuandika "ripoti" peke yake hakutoshi. Andika siku, saa, na pa kuanzia.

Baada ya hapo chagua kazi moja inayomalizika leo, ndogo, ambayo mtu mwingine ataona imekwisha. Imalize kabla ya mchana. Usianze na lile jambo gumu kuliko yote eti ulivunje mgongo. Hilo ni shauri zuri kwa mtu aliye kwenye kasi yake, si kwa aliyerudi leo. Mwanafunzi afanye vivyo hivyo: somo moja, mada moja, dakika 25, kisha ainuke.

Na uondoke kwa wakati wiki hii ya kwanza. Kuna tabia ya kutaka kufidia, kukaa hadi usiku ili ionekane likizo haikukupunguza. Faida ya mapumziko hupungua haraka mtu akirudi kazini, mara nyingi ndani ya wiki chache, na ukijitwisha kazi kupita kiasi mwanzoni unaimaliza mapema zaidi.

Hatua ya nne: tenda kabla hujajisikia

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wengi wanapokwama.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alieleza jinsi moyo mzito unavyojilisha. Ukiwa chini, unaacha vitu: huendi kutembea, hupokei simu, hucheki na mtu. Kwa kuwa umeviacha, siku zako zinabaki na vitu vichache vya kukufurahisha. Kwa kuwa vimebaki vichache, moyo unashuka zaidi, na unaacha vingine. Tiba iliyotokana na wazo hilo inaingilia upande wa vitendo: mtu anapanga shughuli na kuzifanya kwa ratiba, haulizwi kama anajisikia. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walilinganisha tiba ya utambuzi iliyokamilika, ile ya maongezi ya kurekebisha namna mtu anavyofikiri, na sehemu yake hii ya vitendo peke yake kwa watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na ile ya vitendo peke yake haikuzidiwa.

Namna ya kuitumia nyumbani ni rahisi kuieleza na ngumu kidogo kuifanya siku ya kwanza. Chora safu nne kwenye daftari: saa, nilichofanya, moyo ulikuwaje kabla, moyo ulikuwaje baada. Moyo upe namba kutoka 0 hadi 10. Jaza mara nne au tano kwa siku bila kupamba. Siku tatu zikipita, soma. Utaona vitu ambavyo usingevikisia: kwamba saa nzima ya kutazama picha za likizo kwenye simu ilikutoa 5 ikakuleta 3, na kwamba kuosha vyombo, kazi uliyokuwa ukiikwepa, kulikutoa 3 kukakupeleka 5. Hii ndiyo sababu napendelea namba kuliko kumbukumbu. Aliye chini hukumbuka kwamba siku nzima ilikuwa mbaya. Daftari litaonyesha mahali ilipoinuka.

Ukishayaona hayo, panga vitu viwili kwa siku. Kimoja cha raha, hata iwe ndogo, na kimoja cha kukufanya useme "angalau hili limefanyika". Viwili hivyo si kitu kimoja. Kuna watu wanaojilazimisha kazi tu na kubaki wakavu, na wengine wanaofukuza raha tu na kulala wakijilaumu.

Kila kimoja kipunguze mpaka kikose sababu ya kukataliwa. "Kufanya mazoezi" ni kubwa. "Kuvaa viatu na kufika kona ya kwanza" inawezekana hata siku mbaya, na ukifika kona ya kwanza mara nyingi utaendelea. Kisha kifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya: nikishaweka kikombe chini, navaa viatu. Peter Gollwitzer, ambaye amechunguza mipango ya namna hii tangu miaka ya 1990, alikuta kwamba anayejipangia "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi ya mwenye nia njema tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Wiki ya kwanza usizifukuzie. Dakika kumi za kutembea, nje, asubuhi, zinahesabika mara mbili kwa sababu zinakupa mwendo na mwanga kwa pamoja.

Hatua ya tano: weka kitu cha kungojea

Nilisema nitalirudia. Kama furaha kubwa ilikuwa katika kusubiri, basi rudisha kusubiri. Si lazima iwe safari. Chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo, uiandike, umwambie mtu mwingine ili usiweze kuifuta kimyakimya: kumtembelea rafiki, mchezo, kitabu ulichokiweka, Jumamosi ambayo hutafanya chochote kwa makusudi. Halafu nyingine mwezi ujao.

Jiulize pia ni kitu gani hasa ulichokipenda likizoni. Watu hujibu "kupumzika", lakini ukibana zaidi utakuta ni kitu mahususi: nilikuwa nakula bila simu mezani, nilikuwa natembea jioni, nilikuwa naongea na mama kwa muda mrefu. Kingi katika hivyo hakihitaji likizo. Kichukue kimoja ukiingize kwenye wiki ya kawaida, kwa siku na saa yake.

Watu, pesa na watoto

Mwenye moyo mzito hujitenga, kisha kujitenga kunamzidishia. Usingoje uwe na maneno mazuri ya kusema. Mpigie mtu mmoja umwambie, "Tangu nirudi siko sawa, nataka tu tuongee dakika chache." Asiyejua la kusema mwombe mtembee pamoja, maongezi huja yenyewe watu wakiwa wanatazama mbele badala ya kutazamana usoni. Kama likizo ilileta ugomvi wa familia, usiuamue wiki hii. Usingizi ukiwa mfupi, neno dogo huonekana tusi. Na kama ni msiba uliochokonolewa na sikukuu, huo hauna ratiba ya kuurekebisha. Mpe nafasi marehemu wako, mtaje, zungumza na aliyemjua, kisha urudi kwenye mambo ya siku.

Pesa usizikwepe, maana hofu ya salio usilolijua ni kubwa kuliko salio lenyewe mara nyingi. Keti mara moja, dakika 30, uandike kilichobaki, unachodaiwa, na tarehe za kulipa. Mkopeshaji usiyeweza kumlipa kwa wakati mtafute kabla tarehe haijafika. Usichukue mkopo wa haraka kufunika mwingine.

Kwa watoto, siri ni usingizi. Wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na vijana wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Anza kuwaamsha mapema wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, na begi la shule lipangwe jioni. Mtoto anayelia asubuhi ya kwanza mara nyingi anataka kusikilizwa kwa dakika mbili, si hotuba. Lakini anayelalamika tumbo kila asubuhi ya shule na kupona kila Jumamosi ana jambo huko shuleni. Ulizia taratibu, usimkaripie.

Maazimio yasubiri

Mwanzo wa mwaka au muhula huja na shinikizo la kubadilika: kupunguza mwili, kuamka alfajiri, kuacha hiki, kuanza kile. Ushauri wangu, na najua hauendani na kelele za msimu, ni kwamba usiongeze zoea jipya hadi yale ya zamani yamesimama. Mwenye unyong'onyevu akishindwa azimio lake siku ya tano analisoma kama hukumu juu yake. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, tawi la University College, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo kuwa la kujiendea, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu cha maana. Siku uliyoikosa usiifidie. Endelea na inayofuata.

Ikiwa tatizo ni kazi yenyewe

Wakati mwingine moyo haukatai kurudi kwenye ratiba. Unakataa kurudi mahali fulani. Utatofautishaje? Unyong'onyevu wa likizo hulegea usingizi ukinyooka na rundo la kazi likipungua, kwa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Kama mwezi umepita, unalala vizuri, Jumamosi u mzima kabisa na Jumapili jioni tumbo linaanza kusokota, chunguza kazi: ni mzigo, ni mtu mmoja, ni malipo, au ni kazi isiyokufaa? Kila moja lina njia yake, na hakuna hata moja linalohitaji barua ya kuacha kazi wiki ya kwanza. Jipe tarehe, mwezi mmoja mbele, ya kulitafakari ukiwa umelala vya kutosha.

Lini umwone mtaalamu

Huzuni ya kupita na ugonjwa wa sonona hufanana mwanzoni. Madaktari huangalia muda na upana wake: moyo kuwa chini au kutofurahia chochote, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mambo kama usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, uchovu usioisha, kujiona huna thamani, kushindwa kumakinika, au mawazo ya kifo. Ukijiona humo, nenda kituo cha afya na useme wazi, kwa sababu sonona ina tiba ya maongezi na ya dawa na zote husaidia. Usisubiri wiki mbili zitimie ikiwa huwezi kula, huwezi kutoka kitandani, au pombe imekuwa ndiyo inayokulaza. Nenda pia kama hali hii hukurudia kila mwaka majira yaleyale. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984 kama sonona ya msimu, na ina matibabu yake. Na kama unameza dawa za moyo au akili na ulizisahau wakati wa likizo, usijirudishie dozi kwa kukisia, muulize aliyekuandikia.

Ukifikia kuwaza kujidhuru, hatua zote za juu ziweke kando. Mwambie mtu leo, kwa maneno yasiyo na mafumbo, "Nawaza kujiua." Usikae peke yako, mwombe akuondolee karibu chochote unachofikiria kukitumia, na nendeni pamoja hospitali, sehemu ya dharura. Anayeambiwa maneno hayo asihubiri wala asikane. Akae, amuulize moja kwa moja kama ana mpango, na asimwache mpaka amefikishwa kwa mhudumu. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Kabla ya likizo ijayo

Mengi ya haya hupungua ukiyaandaa mapema. Siku ya mwisho kazini andika ukurasa mmoja wa kujikabidhi: nimefikia wapi, kinachofuata ni nini, faili liko wapi, nani anasubiri nini. Ujumbe wa kujibu barua pepe useme unarudi siku moja baada ya ile unayorudi kweli. Safari uimalize siku mbili kabla ya kazi, si usiku wa kuamkia. Likizoni chelewa kulala upendavyo, lakini kuamka usikuache kupita saa moja na nusu zaidi ya kawaida yako. Nguo za siku ya kwanza zioshwe na kupigwa pasi kabla hujaondoka, zining'inizwe kabatini.